Treni mbili juu ya reli moja

Ninaandika kutoka Mangobo, hapa Kisangani. Mwezi huu ninataka kuwaandikia habari ya mchezo wa watoto. Najua wengine watauliza: pasta amekosa jambo la kuandika? Hapana. Mchezo huu umenichukua miezi minne ya kuuliza, kuhesabu na kupigiana simu na mdogo wangu anayekaa Liège, kule Ubelgiji. Nyuma ya hayo nimeona ya kuwa wazazi wengine, zaidi ninyi mnaokaa karibu na reli za migodi, mnaweza kupata faida katika yale tuliyojifunza. Ni habari ya kuchagua komandi ya kwanza ya dijitali kwa treni ndogo ya umeme ya watoto. Komandi ndicho kile chombo cha mkononi kinachoamuru treni: tembea, simama, rudi nyuma.

Kwanza niwaeleze watoto wenyewe. Nyumbani kwetu kuna vijana wawili wanaokaribiana umri. Mmoja ni mwana wangu, wa miaka 11. Mwingine ni mwana wa dada yangu, wa miaka 10. Baba yake alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Shimo liliwaangukia yeye na wenzake, hawakutoka. Dada yangu alibaki na watoto wadogo watatu, akamtuma huyu mkubwa kwetu ili asome. Yeye ananiita noko, kama watoto wa hapa wanavyomwita ndugu ya mama. Sasa ni mwaka wa pili anakaa nasi. Ninyi mliolelewa nyumba ya mjomba mnajua namna ilivyo. Mtoto wa namna hii anahesabu vitu bila kusema. Anahesabu nani amepakuliwa kwanza, nani ameshonewa suruali mpya na nani amepewa ile ya kupunguzwa. Hata ukimpenda sana, yeye anaendelea kuhesabu.

Wote wawili wanapenda treni. Kabla ya ile ya umeme walikuwa na treni za waya na makopo ya sardini, magurudumu ya vifuniko vya chupa, na kamba ya kuvutia. Wa dada yangu ni fundi kuliko mwenziwe. Ana vidole vyepesi, na anajua kuukunja waya mara moja bila kuurudia.

Upendo huo wa treni haukutoka katika picha. Wasomaji wa mbali labda hawajui ya kuwa Kisangani ina reli. Mto Kongo, kabla ya kufika kwetu, unashuka kwa maporomoko saba ya Boyoma, na la mwisho ni lile la Wagenia ambalo watu wote wamelisikia kwa sababu ya mitego ya samaki. Mashua haiwezi kupita pale. Ndiyo sababu wakati wa ukoloni kampuni ya CFL ilijenga reli ya kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mpaka Ponthierville, yaani Ubundu. Ilifunguliwa mwaka 1906, nayo ina urefu wa kilometa 125. Stesheni iko ngambo ya kushoto, katika komine ya Lubunga, basi mtu wa Mangobo anayetaka kuona reli hana budi kuvuka mto. Treni yenyewe imepita vipindi vya kusimama na vipindi vya kuanza tena, lakini hata siku isipotembea, watoto wangu wanaridhika kusimama juu ya reli na kupima kwa miguu.

Upana wa reli hiyo ni meta moja kamili. Ile ya Katanga ni milimeta 1067. Ninyi wa Likasi na Kolwezi, mabehewa yenu hayawezi kutembea kwetu, hata kama yangepata njia ya kufika! Na ile reli nyembamba ya Uele, ya kutoka Aketi kwenda Isiro, ilikuwa ya milimeta 600. Nchi moja, reli za namna tatu. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu katika treni za watoto kuna taabu ileile.

Basi sanduku lilifika. Mzee mmoja wa jirani na mdogo wangu kule Liège alikuwa anahama nyumba, naye alikuwa na treni za ujana wake. Alitoa mashini mbili, mabehewa saba, na reli za kutosha kufanya duara refu la meta nne na nusu hivi. Sanduku lilipita Kinshasa, likangoja msafiri, kiisha likatufikia likiwa limefungwa kamba kama mkungu wa ndizi.

Treni hizo ni za kipimo wanachokiita H0. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana wa reli ni milimeta 16.5. Jioni ile tulifanya hesabu: kama tungeijenga reli yote ya Kisangani mpaka Ubundu kwa kipimo hicho, tungehitaji meta 1437 hivi. Mwana wangu akasema, “Papa, tuombe mzee aongeze kidogo.”

Ndani ya sanduku kulikuwa na komandi ya zamani, yenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Inapeleka umeme katika reli mbili, tangu volti 0 mpaka volti 12. Ukipeleka volti kidogo treni inatembea polepole. Ukipeleka nyingi inakimbia. Ukigeuza umeme, kutoa na kujumlisha zibadilishane mahali, treni inarudi nyuma. Ni chombo kizuri, hakina matata, na mtoto mdogo anakielewa kwa dakika mbili.

Lakini hapo ndipo shida yetu ilipoanzia. Umeme uko katika reli, na reli haijui mashini hii na ile. Ukiweka mashini mbili juu ya duara moja, zote mbili zinasikia volti zilezile, zote zinaondoka pamoja na kusimama pamoja. Anayeshika kitufe ndiye anayeendesha zote. Mwingine anatazama. Kuna ufundi wa kukata reli katika vipande na kuweka swichi kwa kila kipande, lakini duara letu ni dogo, na hata hivyo anayeendesha anabaki kuendesha reli, siyo treni.

Tuliweka zamu za dakika kumi. Mama Pasta alitumia saa ya jikoni. Siku za kwanza ilikwenda vizuri. Kiisha zikaanza zile kelele za “bado haijaisha” na “ulianza mbele”. Nilitazamia kelele, maana watoto ni watoto. Lililonishtua ni kimya. Jioni moja nilimkuta mwana wa dada yangu nyuma ya nyumba na treni yake ya makopo, peke yake. Nikamwuliza, “Sasa zamu yako?” Akanijibu bila hasira: “Noko, ile iko ya bana ya hapa. Miye niko na yangu.”

Wazazi wenzangu, neno kama hilo mtoto halisemi mara mbili. Usiku ule nilimpigia mdogo wangu simu.

Yeye akaniambia ya kuwa siku hizi kuna dijitali. Kwa njia ya dijitali mashini mbili zinaweza kutembea juu ya reli moja, kila moja na mwenyewe wake, moja haraka na moja polepole, moja mbele na moja nyuma. Nilimwuliza namna gani inawezekana, kwa kuwa waya ni zilezile mbili na reli ni zilezile. Alinieleza, nikaelewa kwa kufikiri juu ya foni.

Wazee wa misioni wanaikumbuka foni. Kila asubuhi misioni zote zilifungua redio saa ileile, juu ya njia ileile. Sauti ilifika kwa wote. Lakini aliyeita alitaja jina kwanza, na yule aliyeitwa tu ndiye aliyejibu. Wengine walisikia wakanyamaza. Dijitali ya treni ni vile. Katika reli umeme unakaa wakati wote, volti 14 au 15 hivi, hata treni zikisimama. Umeme huo unageuka-geuka mbio sana, na katika mageuzi yake mna maneno. Kila neno dogo lina nusu mbili: nusu fupi, ya sehemu 58 za milioni moja ya sekunde, maana yake ni moja, nusu ndefu, ya sehemu 100 au zaidi, maana yake ni sifuri. Kwa moja na sifuri hizo komandi inasema: “Namba 7, nenda mbele, mwendo wa 20.” Ndani ya kila mashini mna kadi ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, inaitwa dekoda. Kila dekoda ina namba yake. Ikisikia namba yake inatii na kuupa mota umeme kwa kipimo kilichosemwa. Ikisikia namba ya mwenziwe inaendelea na kazi yake.

Jambo hili si la jana. Hornby wa Uingereza walitoa chombo chao cha Zero 1 mwaka 1979, na Märklin wa Ujerumani wakaleta chao katikati ya miaka ya 1980. Shida ni kwamba kila kampuni ilisema lugha yake. Katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kilikubali lugha moja iliyotoka kwa kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, ikaitwa DCC. Tangu hapo komandi ya kampuni moja inaweza kuamuru mashini ya kampuni nyingine. Lakini mwangalie: treni nyingi za Märklin zinatembea kwa reli yenye mstari wa tatu katikati, nazo hazipatani na reli za mistari miwili. Mtu wa Ulaya akitaka kukupa zawadi ya treni, neno la kwanza la kumwuliza ni hilo: mistari miwili au mitatu? Ni kama mabehewa ya Likasi na reli ya Ubundu.

Sasa kuchagua. Mdogo wangu alikuwa na euro 150 kwa mambo yote, na aliniambia wazi ya kuwa haongezi. Tuliyatazama mambo haya zaidi ya mwezi mmoja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa simu. Leo kuna visanduku vinavyoshika wayafayi, na mtoto anaendesha treni kwa kugusa kioo cha simu. Kampuni ya Roco ina kisanduku cha Z21, na ndugu yake mdogo mweupe, ambaye ili asikie simu anahitaji kipeleka-wayafayi pamoja na namba ya kumfungulia. “Yaya,” akasema, “simu uko nayo tayari, hiyo ni bure.” Mimi nilikuwa karibu kukubali. Mama Pasta ndiye aliyeuliza swali lililomaliza mashauri. Alisema: “Baba, siku simu yako inaita juu ya kilio, watoto wataiachia?”

Kweli, simu ya pasta si ya pasta. Na kuna neno lingine nililoliona baadaye kwa macho. Kioo hakina kitufe cha kushika. Ili kujua kidole kiko wapi, lazima mtoto atazame kioo, na akitazama kioo hatazami treni. Kwa mtu mzima mwenye reli kubwa ya swichi kumi na tano, kioo kinasaidia sana. Kwa mtoto anayeanza, mimi ninasema hapana: apewe kitu cha kuzungusha, vidole vijue vyenyewe, macho yakae kwa treni.

Wazo la pili lilikuwa komandi nyepesi kabisa. Kwa mfano Bachmann wa Marekani walikuwa na moja ya vitufe kumi, tisa vya mashini za dijitali na kimoja cha mashini ya zamani. Mtoto anafinya 4, anaendesha namba 4. Ni nzuri, tena ya bei ndogo. Udhaifu wake ni kwamba kitu unachoweza kubadilisha ndani ya dekoda ni namba tu. Huwezi kuiambia mashini ianze polepole au isisimame ghafula. Na hayo, mtaona, ndiyo utamu wa mchezo.

Wazo la tatu lilitoka kwa kijana mmoja wa kwaya, fundi wa simu pale sokoni. Yeye alisema, tusinunue, tutengeneze. Alinionyesha DCC-EX, programu ya bure inayotungwa na watu wa kujitolea. Unaiweka ndani ya kadi ya Arduino Mega, juu yake unapachika kadi ya kuendesha mota, unaunga umeme wa volti 12 au zaidi kidogo, nawe una kituo cha dijitali kwa bei ndogo kuliko zote. Macho yake yaliwaka akieleza, na mimi sikutaka kuyazima. Kama vijana wa parokia wangekuwa wanajitafutia mradi wa kujifunza, ningewaambia waanze kesho. Lakini kwa watoto hawa wawili niliona mambo mawili. Ikiharibika, mtu mmoja tu mjini anaweza kuitengeneza, na kijana wa umri wake hakawii kupata kazi Bunia au Kinshasa. Tena, ili uendeshe kwa mkono unarudi kwenye simu, au unajenga kitufe chako mwenyewe. Tumelitunza wazo hilo; halikufa.

Tuliyoichagua ni multiMAUS ya Roco, iliyotumika tayari. Kule Ulaya imeuzwa kwa miaka mingi ndani ya masanduku ya kuanzia, na watu wakipanda kwenda kwa vyombo vikubwa wanaiuza. Ndiyo sababu bei yake inashuka. Ina waya, haihitaji wayafayi wala simu. Ina kitufe kikubwa ambacho sifuri yake iko katikati: kuume ni mbele, kushoto ni nyuma. Ina kitufe cha STOP kinachosimamisha kila kitu, nacho ndicho cha kwanza nilichowafundisha. Na sababu iliyopita zote: kisanduku chake kina tundu la kuunga komandi ya pili ya namna ileile. Watoto wawili, komandi mbili, zote sawasawa, hakuna kubwa na ndogo. Nilimwambia mdogo wangu, hata kama ni kupunguza kitu kingine, komandi ziwe mbili na zifanane. Kwa bei tuliyopata, komandi ya kwanza na kisanduku chake ilikuwa euro 60, ya pili 40, na dekoda mbili 50. Hakikubaki kitu hata cha posta. Msafiri alibeba kwa neema.

Kuweka dekoda ndani ya mashini za zamani ni kazi, msidanganyike. Mashini nyingi za siku hizi zina tundu la dekoda. Unachomoa kipande kimoja na kupachika dekoda. Zetu hazikuwa nalo. Fundi wetu wa kwaya alifanya kwa kulehemu. Rangi za waya zimepangwa kwa kanuni moja ulimwenguni: nyekundu na nyeusi zinapokea umeme wa reli, chungwa na kijivu zinakwenda kwa mota, nyeupe na njano ni taa za mbele na za nyuma, bluu ni ya kurudisha umeme wa taa. Hatari kubwa ni moja. Katika mashini za zamani, mara nyingi upande mmoja wa mota unagusa chuma cha mwili wa mashini, na chuma hicho kinapokea umeme wa reli. Ukiunga dekoda bila kuutenga mota, dekoda inakufa dakika ileile. Kijana alipima kila mashini kwa kipima-umeme kabla ya kugusa waya, akakuta moja iko vile, akaitenga kwa kipande cha plastiki. Tulipima pia ampea ambazo kila mota unakula ukizuiwa kwa kidole, ili tujue kama dekoda itauweza. Mzazi asiye na fundi mwangalifu, afadhali atafute mashini iliyo na dekoda tayari.

Siku ya kuwapa namba ilikuwa sikukuu kwao. Dekoda mpya kutoka kiwandani kwa kawaida inaitika kwa namba 3. Ukiziacha mbili na namba 3, umerudi kwenye shida ya kwanza, zote zitaondoka pamoja. Weka mashini moja tu juu ya reli wakati wa kubadilisha namba. Ikiwa ziko mbili, zote zitaandikwa namba ileile. Mwana wangu alichagua 10, namba ya mgongoni mwa mchezaji anayempenda. Wa dada yangu alifikiri sana, kiisha akasema 7, juu ya maporomoko saba. Nilipomwona anafinya 7 na mashini yake inaondoka, huku ile ya 10 imesimama kimya, nilikwenda nje kidogo.

Sasa utamu niliousema. Ndani ya dekoda kuna visanduku vya kumbukumbu vyenye namba, navyo vinaitwa CV. CV 3 inasema mashini ichukue muda gani kupata mwendo, CV 4 ichukue muda gani kusimama. Mwanzoni zilikuwa chini, treni inaruka kama panzi. Mwana wa dada yangu alizipandisha polepole, akijaribu na kuandika katika daftari, mpaka treni yake inaondoka kama treni yenye mzigo wa kweli. Unageuza kitufe, inasita, kiisha inaanza kuvuta. Na kusimama vilevile: lazima aanze kupunguza mbali ya stesheni. Mwenziwe alipoona, akaja na komandi yake kumwomba amfanyie na yeye. Tangu siku ile sijasikia habari ya “bana ya hapa”.

Lakini kuna mlango mmoja ambao dijitali haiufungi. Mtoto yeyote anaweza kufinya namba ya mwenziwe na kumnyang'anya treni. Hiyo haikuwa komandi kuharibika, ndivyo ilivyotengenezwa. Walitunga sheria wao wenyewe: hakuna kuita namba ya mtu bila kumwomba kwa mdomo, isipokuwa kuna hatari ya kugongana, na wakati huo ni STOP tu.

Neno la umeme ni la lazima. Mtaani kwetu umeme unakuja na kwenda, na grupu ya jirani inapanda na kushuka kiasi cha kuunguza chombo. Sisi tunatumia pano ya jua, bateri ya ampea-saa 50, na konvertisa ndogo. Nimehesabu: mashini mbili pamoja na kisanduku zinakula wati 20 au 25, yaani ampea 2 hivi kutoka katika bateri ya volti 12. Konvertisa yenyewe inakula yake, tuseme yote ni 3. Saa moja ya mchezo ni ampea-saa 3. Sipendi bateri ishuke chini ya nusu, basi nina 25 za kutumia, na taa za nyumba ndizo za kwanza. Mchezo ni saa moja kwa siku, na siku ya mawingu hakuna. Watoto hawafungui kisanduku, wala hawashiki upande wa volti 220 kwa sababu yoyote. Umeme wa reli ni mdogo, lakini ule wa ukutani unaua.

Na usafi. Dijitali inachoka mbio kwa uchafu kuliko ile ya zamani, sababu reli ikiwa chafu maneno yanakatika, treni inasita au kusimama. Hapa kwetu unyevu ni mwingi na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Kila mara kabla ya kucheza, wanapangusa reli kwa kitambaa na alkoli kidogo. Mkipewa reli za zamani, chagueni zile za rangi ya fedha zisizoshika kutu. Za chuma cha kawaida hazitadumu miezi sita kwa hewa yetu.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama hiki si kitu cha wazungu, na kama fedha hiyo haingelipa masomo. Swali ni la haki. Nilimjibu ya kuwa fedha ilitolewa kwa treni na si kwa kitu kingine, na ya kuwa mimi mwenyewe nisingenunua kwa mshahara wangu. Ninawaambia na ninyi vilevile: mtu asikope juu ya mchezo. Mtoto wa chini ya miaka 8 inamtosha ile komandi ya kitufe kimoja, au treni ya makopo yenye mota uliotolewa katika redio-kaseti iliyokufa, na bateri mbili za tochi. Watoto wa Lubumbashi, mahali ambapo reli ilifika mwaka 1910, na wale wa Likasi na Kolwezi wanaoona waya za umeme zimetandazwa juu ya njia, wana mambo mengi ya kujenga kwa waya na karto kuliko sisi.

Sasa vijana wanajenga stesheni mbili za karto, Lubunga na Ubundu, na njia ya kando ili treni zipishane. Kwa kuwa reli ni moja, mmoja lazima angoje, na wanabishana kila siku nani alikuwa na mzigo wa haraka. Mdogo wao wa kike, wa miaka 5, anakaa katikati ya duara na mabehewa mawili yasiyo na mashini, akiyasukuma kwa mkono. Juma lililopita ameanza kuuliza namba yake ni ngapi. Kaka zake walitazama daftari, wakamwambia ya kuwa namba 3 bado iko wazi.